Safari fupi za kutazama rangi za mapukutiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye siku moja, mbili au tatu za nafasi, anayetaka kuona majani yakigeuka rangi kabla hayajaanguka. Kama una haraka, ruka hadi swali la siku mbili. Hilo ndilo linalobeba mengine yote.

Majani hubadilika rangi lini?

Kaskazini mwa dunia ni kuanzia Septemba hadi Novemba, na sehemu chache hufika Desemba. Kusini mwa dunia ni Machi hadi Mei. Ila ndani ya miezi hiyo, mahali pamoja hubaki kwenye kilele cha rangi kwa wiki moja au mbili tu, na upepo mkali unaweza kuufupisha muda huo ukawa siku chache.

Kuliko kukariri tarehe, afadhali ujue kwamba rangi husafiri. Huanzia penye baridi na kushukia penye joto: kutoka nchi za karibu na ncha ya dunia kuelekea ikweta, na kutoka mlimani kuelekea bondeni. Tazama Japani. Milima ya Daisetsuzan, kisiwani Hokkaido, huanza kubadilika katikati ya Septemba, ilhali bustani za mahekalu ya Kyoto hupata wekundu wake nusu ya pili ya Novemba. Nchi ni moja, na katikati hapo imepita miezi miwili. Huko Lapland, kaskazini mwa Ufini, rangi huja Septemba na kuondoka upesi. Jimbo la Vermont, Marekani, huanza upande wa kaskazini mwishoni mwa Septemba, na upande wa kusini husubiri hadi katikati ya Oktoba.

Basi swali la maana si "lini", bali "lini, wapi, na juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari".

Ni nini hasa kinachoyageuza majani?

Mchana ukifupika na usiku ukianza kuwa wa baridi, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Klorofili iliyobaki huvunjwavunjwa, na mti huirudisha naitrojeni iliyomo ndani yake kwenye matawi na shina ili itumike mwaka unaofuata. Hapo ndipo manjano na rangi ya machungwa hujitokeza. Hizo hutokana na karotenoidi, ambazo zilikuwemo ndani ya jani tangu majira ya joto, zimefunikwa na kijani.

Wekundu una habari nyingine, na kwangu hii ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote. Wekundu haukuwemo. Jani huutengeneza upya, katika wiki zake za mwisho, kwa kutumia sukari iliyobaki ndani yake. Kemikali hiyo huitwa anthosianini. Wakati huohuo, kwenye shina la kikonyo, mti unajenga utando mgumu unaofunga mirija kidogo kidogo hadi jani likatike lenyewe bila kuacha kidonda wazi. Kwa nini mti utumie nguvu kupaka rangi jani ambalo uko njiani kulitupa? Wanasayansi bado wanabishana. Wapo wanaosema wekundu ni kinga dhidi ya jua wakati mti unapovuna virutubisho vyake, na wapo wanaosema ni onyo kwa wadudu wanaotafuta pa kutaga mayai.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Simama chini ya mepo, mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, kisha uuzunguke. Upande unaopigwa na jua huwa mwekundu zaidi, na majani yaliyofunikwa na wenzao mara nyingi huishia manjano. Rangi ya kahawia ya mwisho hutoka kwenye tanini, kemikali zinazobaki rangi nyingine zote zikishakwisha.

Mbona kuna mwaka rangi hung'aa, na mwaka mwingine hupauka?

Kwa sababu wekundu hutegemea hali ya hewa ya wiki zile zile. Mchana wa jua hutengeneza sukari nyingi, na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huizuia isitoke kwenye jani. Mfululizo wa siku za namna hiyo ndio huleta mwaka unaosimuliwa na watu kwa muda mrefu. Mawingu na mvua za siku nyingi hupunguza wekundu, lakini manjano hayaathiriki sana, kwa kuwa yalikwishakuwepo. Ukame mkali hufanya majani yakauke na kuanguka mapema. Baridi kali ya ghafla huyaua yakiwa bado kijani, yakawa kahawia bila kupita kwingine.

Ndiyo maana utabiri wa rangi unaotolewa mwezi mmoja kabla ni makadirio tu. Ule unaotolewa wiki hiyohiyo, na hasa picha za kamera za mubashara zinazowekwa na hifadhi nyingi, ni wa kuaminika zaidi.

Nina siku mbili tu. Zinatosha?

Zinatosha kabisa, mradi usizitumie zote barabarani. Kosa linalorudiwa zaidi ni kupanga kuona vituo sita katika siku mbili, kila kimoja kwa nusu saa. Rangi za mapukutiko hazitazamwi hivyo. Mti uleule ni kitu kimoja asubuhi kwenye ukungu, kingine adhuhuri, na kingine tena jua linapoinama. Chagua bonde moja au mlima mmoja, ulale hapohapo.

Na uchague mahali penye mwinuko. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wowote. Kwa wastani, joto hushuka takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake mlima mmoja una misimu kadhaa kwa wakati mmoja. Katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, Marekani, ardhi huinuka kutoka mita 270 hivi hadi 2,025. Huko rangi huanza kileleni katikati ya Septemba na kufika mabondeni mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Mtu aliyefika wiki yoyote katikati ya hapo hakosi kitu: akikuta kijani chini, apande, akikuta matawi matupu juu, ashuke.

Nikko, Japani, hufuata kanuni hiyohiyo, na treni kutoka Tokyo hufika huko kwa takriban saa mbili. Ziwa Chuzenji liko mita 1,269 juu ya usawa wa bahari, na miti yake hubadilika kabla ya ile ya kwenye mahekalu kule chini. Barabara ya Irohazaka, ile ya kupanda kuelekea ziwani pamoja na ile ya kushuka, ina jumla ya kona 48, na mwishoni mwa wiki za msimu msongamano wake hula nusu ya siku. Ondoka alfajiri, au nenda siku ya kazi.

Kwa hiyo mpango wenyewe ni huu. Siku ya kwanza fika mchana, tembea kidogo karibu na unapolala, na uangalie rangi imefika wapi mlimani. Mara nyingi mstari wake unaonekana wazi kutoka mbali. Siku ya pili nenda moja kwa moja kwenye mstari huo, mapema, na ukae.

Je, nikifika nikakuta mapema mno, au nimechelewa?

Ukiwahi, tafuta maji. Kwenye mabwawa na kando ya vijito, mepo nyekundu hutangulia wenzake, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Tafuta pia mti mmoja mmoja wenye tawi lililogeuka peke yake katikati ya kijani. Tawi la namna hiyo huvuta jicho kuliko mlima mzima uliokwisha kugeuka.

Ukichelewa, tafuta mialoni. Katika misitu ya kaskazini mashariki mwa Marekani utaratibu huwa hivi: mepo za mabwawani hutangulia, hufuata mepo za sukari pamoja na miti ya manjano ya betula na aspeni, kisha mialoni kwa rangi yake ya kutu na divai, na mwisho kabisa larishi za kwenye vinamasi, jamaa ya misonobari inayopukutisha. Mialoni mingi, hasa michanga, hubaki na majani makavu hadi katikati ya majira ya baridi.

Na usidharau ardhi. Siku mbili tatu baada ya upepo, chini ya mepo huwa na rangi kuliko juu yake, na mwanga unapenya vizuri zaidi kwenye matawi yaliyopungua. Huo ndio wakati ninaoupenda mimi, ingawa wageni wengi huwa wameshaondoka.

Niende wapi?

Inategemea unataka rangi gani. Ukitaka wekundu, elekea mashariki mwa Amerika Kaskazini au Asia Mashariki. Misitu ya Ulaya kwa sehemu kubwa hugeuka manjano na kahawia ya dhahabu. Ni mizuri, lakini anayeitarajia ifanane na Vermont atasikitika bila sababu.

Upande wa Kanada, hifadhi ya Algonquin hufikia kilele cha mepo zake mwishoni mwa Septemba au siku za kwanza za Oktoba, kisha betula na aspeni hufuata kwa manjano. Upande wa Marekani, jimbo la New Hampshire lina barabara ya Kancamagus, kama kilomita 55 za mlima, urefu unaotosha siku moja ya kwenda polepole na kusimama. Korea Kusini rangi huanzia mlima Seoraksan kaskazini na kushuka hadi mlima Naejangsan, panapopendeza mwanzoni mwa Novemba kwa mepo zake zenye majani madogo.

Aspeni zinastahili safari yao peke yake. Ni miti ya manjano tupu, na majani yake hutetemeka hata kwa upepo usiousikia, kwa kuwa kikonyo chake ni bapa. Shamba zima la aspeni linaweza kuwa mmea mmoja wenye mzizi mmoja, ndiyo maana utaona kipande cha mlima kimegeuka chote kwa pamoja, na kipande cha jirani bado kijani. Huko Utah, Marekani, kuna mmea wa namna hiyo uitwao Pando, wenye mashina yapatayo 47,000 kwenye hekta 43 hivi.

Larishi nazo huwashangaza wengi, maana ni jamaa ya misonobari yenye majani kama sindano, lakini hupukutisha. Bonde la Engadin, Uswisi, huwa la dhahabu katikati ya Oktoba. Katika hifadhi ya Banff, Kanada, bonde la Larch Valley hugeuka mwishoni mwa Septemba. Kufika huko hupitia Moraine Lake, na tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara hiyo, kwa hiyo nafasi ya basi huwekwa mapema sana.

Lapland ni ya kipekee kwa kuwa rangi iko chini ya magoti. Betula kibete na vichaka vya beri hugeuza nyanda nzima kuwa nyekundu. Anayeshindwa kupanda milima ataona mengi huko bila kuinua shingo.

Kusini mwa dunia, miezi ya Aprili na Mei ina yake. Miti ya lenga hugeuka nyekundu na machungwa chini ya milima ya Patagonia, Argentina, pande za El Chaltén. Mji wa Arrowtown, New Zealand, huwa wa manjano, ingawa miti hiyo ilipandwa na walowezi. Tasmania, Australia, kuna fagasi, mti mdogo wa asili ya kisiwa hicho tu, unaogeuka kuanzia mwisho wa Aprili kwenye miteremko ya Cradle Mountain.

Lazima iwe msituni? Mimi nakaa mjini.

Si lazima. Bustani za miti hukusanya aina kutoka mabara mbalimbali, kwa hiyo msimu wake ni mrefu kuliko wa msitu wa aina moja. Westonbirt, Uingereza, inajulikana kwa mepo zake za Kijapani. Isitoshe, mji huhifadhi joto, na miti yake mara nyingi hubadilika baada ya ile ya mashambani, jambo linalomfaa aliyechelewa.

Mti wa kuutazamia mjini ni ginko. Hugeuka manjano yasiyo na doa, halafu baada ya baridi kali ya usiku mmoja unaweza kuangusha karibu majani yake yote ndani ya siku moja. Ukiiona imekamilika, usiseme utarudi kesho. (Harufu mbaya unayoisikia chini yake ni ya mbegu za miti ya kike, usilaumu mfereji.)

Saa gani ni nzuri kwa kutazama na kupiga picha?

Asubuhi jua likiwa chini, na saa mbili za mwisho kabla halijazama. Weka jani kati yako na jua. Mwanga ukipita ndani yake, rangi huonekana mara mbili. Watu wengi hufanya kinyume, wanalipa jua mgongo, kisha wanashangaa picha imetoka bapa.

Siku ya mawingu isikukatishe tamaa. Ndani ya msitu ndiyo siku bora, kwa sababu hakuna vivuli vikali, na majani yaliyolowa huwa na rangi nzito. Yakimeremeta mno, kichujio cha kupunguza mng'aro kwenye lenzi huondoa weupe ule wa majimaji. Acha anga nje ya picha.

Kumbuka tu kwamba giza huingia mapema. Nusu ya pili ya Novemba huko Kyoto jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani na Kanada Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwenye matembezi ya mlima siku hiyo asipoangalia, atajikuta gizani.

Nivae nini, na nijihadhari na nini?

Vaa tabaka tabaka: nguo nyepesi inayokausha jasho, sufu juu yake, na koti la kuzuia upepo na mvua. Pamba ikilowa haikupi joto. Asubuhi inaweza kuwa karibu na nyuzi sifuri na mchana ukahitaji shati tu, kwa hiyo mkoba wa kutia nguo unazovua ni wa lazima. Viatu viwe na soli yenye meno. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na huficha mizizi na mawe. Beba taa ya kichwani hata kama unatarajia kurudi mchana.

Kwenye nchi nyingi mapukutiko ni msimu wa uwindaji. Uliza kabla ya kuingia msituni, na uvae kitu cha rangi ya machungwa kali. Ni msimu pia wa kulungu kutafuta majike: madume huwa wakali, usiwakaribie, na huvuka barabara bila kutazama, hasa machweo na alfajiri. Ukitaka kutazama mlima, egesha gari. Dereva anayetazama majani ni hatari kwa wote.

Naruhusiwa kuokota majani?

Hifadhi nyingi zinakataza kuondoka na chochote, hata jani. Soma kibao cha langoni. Penye ruhusa, okota yaliyoanguka yenyewe, yaweke kati ya karatasi zisizong'aa ndani ya kitabu kizito, ubadilishe karatasi baada ya siku moja. Amerika Kaskazini kuna mmea utambaao wenye vijani vitatu kwenye kila kikonyo, nao hugeuka mwekundu wa kuvutia sana. Mafuta yake huwasha ngozi vibaya. Wafundishe watoto kuutambua kabla hamjaanza kuokota.

Kuhusu watoto na wazee: watafurahia?

Watoto hufurahia, ila si kwa mandhari ya mbali. Wape kazi: watafute jani moja lenye rangi tatu, au wapange majani kuanzia kijani hadi kahawia. Nusu kilomita inaweza kuchukua asubuhi nzima, na hiyo ni asubuhi iliyotumika vizuri. Kwa wazee, zipo reli za milimani, vivuko vya maziwa na njia za mbao zisizo na ngazi. Ziwa ni chaguo zuri kwa yeyote asiyeweza kutembea sana: pwani moja inaonyesha mlima wote na taswira yake majini.

Je, karibu na ikweta kuna kitu kama hiki?

Urefu wa mchana pale haubadiliki kiasi cha kuuarifu mti, na baridi haiji. Miti mingi inayopukutisha huko hufanya hivyo kwa ajili ya ukame. Lakini rangi ipo, tena kwa mpangilio wa kinyume: katika misitu ya miombo, kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mvua, majani machanga huchipua mekundu na ya rangi ya shaba, kisha ndipo yawe kijani. Wekundu huo nao ni anthosianini. Anayetaka safari fupi ya rangi bila kuvuka bara, huo ndio wakati wake.

Inafaa kurudi mahali palepale misimu mingine?

Inafaa kuliko kwenda mahali papya kila mara. Bonde ulilolijua kwa rangi utalielewa zaidi ukiliona tupu wakati wa baridi, mifupa ya mlima ikiwa wazi, na tena wakati wa machipuko, larishi zikitoa sindano laini za kijani. Angalia kwa karibu tawi lililopukutika: machipukizi ya mwaka ujao yapo tayari, yalifanyika majira ya joto kabla jani halijaanguka. Chagua mahali unapoweza kufika bila maandalizi makubwa, la sivyo hutarudi.

Tarehe za vitabu vya zamani bado zinafaa?

Zitumie kwa tahadhari. Idara ya hali ya hewa ya Japani imekuwa ikiandika tangu 1953 siku ambayo mepo hubadilika, na kumbukumbu hizo zinaonyesha siku hiyo ikizidi kuchelewa kadiri mapukutiko yanavyozidi kuwa na joto. Sehemu nyingine nyingi hali ni hiyohiyo, ingawa ukame huweza kuuwahisha msimu mwaka mmoja mmoja. Ukipanga safari, fuata taarifa za miaka mitano au sita ya karibuni. Na ukiwa na uhuru wa kuchagua kati ya wiki mbili huku tarehe za zamani zikikupeleka ya kwanza, chagua ya pili.